Balozi wa Nne wa Ihunje

Nchi ya Ihunje, kule Ugogo, haikuwa kubwa. Mtu akiamka mapema, akala kiporo chake cha ugali wa uwele, akaanza kutembea kutoka mpaka wa mashariki, jua lingekuwa halijachwa naye keshafika mpaka wa magharibi na keshaanza kugombana na watu wa nchi nyingine. Lakini ilikuwa na mtemi, ilikuwa na ng'ombe, ilikuwa na kigoda cha kuombea mvua ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, na katika miaka ya Mjerumani ilikuwa pia na mabalozi. Hili la mabalozi watu hawalijui. Ukiwaambia leo kwamba Ihunje ilituma mabalozi kwa taifa la Ujerumani watacheka, wakidhani unawazungumzia mabwana wenye viatu vinavyong'aa. Waache wacheke. Mabalozi wa Ihunje hawakuwa na viatu, na wa mwisho wao, aliyewapita wote, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mwanya na sauti ya kufukuzia ndege shambani. Jina lake Mbeleje.

Habari za Mbeleje haziwezi kusimuliwa bila kuwataja waliomtangulia, maana asingekwenda popote kama wao wangeifanya kazi yao.

Wa kwanza alikuwa mzee Masima. Alitumwa wakati Wajerumani wanajenga boma lao kule upande wa milima ya Kibakwe, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: mtemi anawasalimu, na mtemi anauliza, mnapita au mnakaa? Wakamwambia asubiri jibu. Mzee Masima akakaa kwenye kivuli cha ukuta. Kivuli kikahama, naye akahama nacho. Jioni kivuli kilipokwisha na jibu halijaja, akainuka, akajikung'uta vumbi, akarudi nyumbani. Barazani akasema, "Wanakaa." Wakamuuliza nani kamwambia. Akasema hakuna aliyemwambia neno, ila yeye hajapata kuona mpita njia anayepaka nyumba chokaa. Walimcheka sana, wakasema safari nzima ameipoteza kwa kuangalia ukuta. Wakaja kuacha kucheka.

Baadaye ikaja vita. Chanzo chake kila mtu anakieleza kivyake. Mmoja atakwambia ni ng'ombe, mwingine atakwambia ni askari aliyemshika mkono binti wa watu kisimani. Mwisho wake ndio wanaoueleza sawa wote: tembe zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa kupelekwa bomani, vijana wakazikwa. Ndipo akatumwa balozi wa pili, Yotham, kwa kuwa alikuwa amekaa misheni na alijua kuvaa kanzu. Yotham alifanya kazi nzuri, nampa haki yake. Alileta amani. Kondoo alichinjwa, mtemi na mzungu wakala nyama moja, na Yotham akarudi na bendera, pamoja na kofia ambayo hakueleza ameipataje. Kisha akajiuzulu ubalozi kwa sababu za kiroho, ambazo mkewe alizifupisha kwa neno moja: woga.

Basi amani ikawepo, lakini hakuna aliyejua namna ya kuishi nayo. Wazee wakakutana barazani. Waliulizana, jirani wa namna hii unamwamkiaje? Unamletea nini akizaa, unamfanyia nini akifiwa? Mzee mmoja, ambaye kwa kawaida alikwenda barazani kusinzia, akafumbua jicho.

"Wahehe tulipigana nao?"

"Tulipigana."

"Tukapatana?"

"Tukapatana."

"Leo ni nani kwetu?"

"Watani."

"Wanyamwezi, na misafara yao, walipokuwa wanapita hapa tunapigana mishale, leo ni nani?"

"Watani, babu."

"Haya. Na Mjerumani tumepigana naye, tumechinja kondoo, tumekula. Ni nani?"

Baraza zima likapiga makofi. Walifurahi kama watu walioona ng'ombe wao aliyepotea anarudi mwenyewe. Mambo yote yalikuwa yamekaa mahali pake! Mtani humwogopi. Mtani unamtukana naye anakutukana, unaingia kwake mchana unachukua kuku wake, naye kesho anakuja kukuchukulia mbuzi, na hakuna anayemshitaki mwenzake. Na siku mmoja akifa, mtani ndiye anayekuja kuzika, anaruka ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka akombolewe, anawakejeli wafiwa mpaka wacheke, mpaka wale chakula. Ihunje ilikuwa imempata Mjerumani. Kilichobaki ni mtu mmoja kwenda kumwambia.

Hapo ndipo macho yote yalipomgeukia Chiwanga, mume wa Mbeleje.

Chiwanga alisifika kuwa mtani mkubwa kuliko wote. Alikuwa mrefu, mkimya, na kwenye misiba ya Wahehe alikuwa akitoa neno moja tu, polepole, na watu wanaanguka. Jambo ambalo nchi haikulijua ni kwamba maneno yale yalipikwa nyumbani. Mbeleje ndiye aliyeyapika. Usiku wa kuamkia msiba mke alikuwa akizungumza na mume akisikiliza; asubuhi mume anakwenda kuyasema kama yake. Mbeleje hakuona ubaya. Yeye alikuwa na mengi, kuyagawa hakumpunguzii. Tangu utoto alikuwa hivyo. Mama yake, mfinyanzi wa vyungu, alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alizaliwa akiwa ameshaanza sentensi. Kwenye ngoma ya wanawake alipiga ngoma kubwa, na shambani wakati wa uwele kukomaa ndege walikuwa wakiruka shamba lake na kwenda kula la jirani, si kwa kuogopa mawe, ila kwa maneno aliyokuwa akiwatupia.

Watoto wao walikwisha kuoa na kuolewa. Kwenye tembe walibaki wawili, mmoja wa kusema na mmoja wa kusikia, na kila mmoja aliamini yeye ndiye aliyepata bahati.

Chiwanga akapewa fimbo ya mtemi, akawa balozi wa tatu. Mkewe alimpa maneno ya kutosha siku ya kwanza: amwambie mzungu kwamba ndevu zake zinafanana na za beberu wa mtemi ila za beberu zimechanwa, amuulize kama kwao hakuna jua ndiyo maana amekuja kuchoma lake hapa. Chiwanga aliyasema yote vizuri. Mkuu wa boma, ambaye watu walimwita Bwana Sasahivi kwa kuwa hilo ndilo neno la Kiswahili alilolipenda kuliko yote, alimsikiliza akitikisa kichwa, hakucheka, hakujibu. Kesho yake Chiwanga akarudi tena kwa kufuata desturi, akafungua kinywa, akakuta maneno yamekwisha. Mpishi wake alikuwa mbali. Akasimama uani, akatazama huku na huku. Kulikuwa na jogoo mweupe, mnene, aliyeletwa kutoka mbali ndani ya kitundu chake. Maneno yalipomwishia Chiwanga, mikono ikaanza. Akambeba jogoo kwapani, saa ya jua la utosi, akapita naye mbele ya mlinzi akiimba, akisubiri kwa furaha mzungu atoke amtukane.

Mzungu alitoka. Lakini hakutukana. Alisema, "Mfunge. Sasa hivi."

Habari ilifika Ihunje na wauza chumvi waliokuwa wakirudi kutoka huko, na fimbo ya mtemi mikononi mwao. Chiwanga yuko kwenye mnyororo, anafagia boma, anachota maji, na msafara ukiondoka wafungwa wote watapelekwa pwani. Mbeleje aliwauliza mara mbili juu ya hiyo pwani. Waliokwenda pwani na mnyororo Ihunje ilikuwa ikiwajua kwa majina, na hakuna jina hata moja lililokuwa limerudi.

Siku za mwanzo alingoja, kwa kuwa ni kazi ya mtemi kumrudisha balozi wake. Alipika ugali wa watu wawili kwa mazoea, akala wa mmoja. Alisema jambo la kuchekesha juu ya jirani, akageuka, hapakuwa na mtu. Mbeleje alikuwa hajapata kuogopa kitu katika maisha yake isipokuwa nyoka, na sasa alikuwa anaogopa nyumba yake mwenyewe kwa jinsi ilivyonyamaza. Ukweli ni kwamba alimpenda yule bwana. Alikuwa hajapata nafasi ya kulijua hilo kwa sababu muda wote alikuwa anaongea.

Akaenda barazani. Wanawake hawakuwa na desturi ya kwenda pale bila kuitwa, lakini yeye alikwenda, akapiga magoti mahali panapostahili, akamwamkia mtemi, "Mbukwa, mtemi."

Mtemi Nhonya aliitikia bila kumtazama usoni. Alikuwa mtu mwema mwenye tumbo na hofu nyingi. "Mama, shauri la mumeo baraza linalifikiria."

"Nashukuru, mtemi. Tangu baraza lianze kufikiri, kuku wangu ameatamia, ameangua, na vifaranga wameanza kutafuta wenyewe."

Wazee wakakohoa. Mtemi akasema tatizo ni kupata mtu wa kwenda. Masima ni mzee, Yotham ana mambo ya kiroho, na vijana wote, ajabu, wameumwa miguu kwa pamoja.

"Nipeni mimi fimbo."

"Ubalozi si kazi ya mwanamke," akasema mzee mmoja.

"Kweli, babu. Ni kazi ya wanaume, na kazi ya wanaume ni kuiba jogoo."

Walicheka, na walipokuwa wanacheka fimbo ilikwisha kuwa mkononi mwake. Nataka ieleweke kwamba hawakumpa kwa kutambua uwezo wake. Walimpa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

"Ukifika utasema nini?" mtemi akamwuliza.

"Nitajua nikifika."

Lakini hakujua. Njia nzima, na kibuyu cha asali kichwani, alijaribu kupanga maneno ya kuomba. Alianza, "Bwana mkubwa, nakusihi..." akajisikia anacheka. Akajaribu tena kwa sauti ya unyonge. Ndege waliokuwa mtini hawakuruka hata mmoja. Yule mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila mtu aligundua kwamba hajapata kumwomba mtu kitu maishani mwake, na kuomba ni ufundi kama ufinyanzi, huwezi kuuanza ukubwani kwa siku mbili za njia. Alipoliona boma na kuta zake nyeupe alikuwa hana hata sentensi moja.

Langoni alisimama ombasha mmoja, askari mwenye cheo kidogo, Mnyamwezi, jina lake Mbwana. Alipoona masikio ya Mbeleje yaliyotobolewa na shanga zake, alijua mara moja ni mtu wa wapi.

"Mgogo! Mmeishiwa tena chakula? Njaa yenu haina likizo?"

Mbeleje alihisi ulimi wake unarudi. "Nimemfuata babu yako. Alibeba mzigo wetu kwenda pwani, hadi leo hajafika. Nimeambiwa ukoo wenu hubeba polepole."

Kiswahili chake alikuwa amekiokota kando ya njia ya misafara. Kilikuwa na mashimo, lakini kilifika. Mbwana akacheka, kisha akajikamata na kutazama nyuma yake. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, leo usiseme mambo haya ndani. Leo kuna msiba."

Akamweleza. Kijana mmoja wa Kizungu, msaidizi wa Bwana Sasahivi, amekufa kwa homa alfajiri. Bwana alikuwa akimpenda kama mdogo wake. Hajala, hajasema na mtu, hata neno lake lile hajalisema tangu asubuhi. Wafungwa wanachimba kaburi nyuma ya boma, na kesho msafara wa pwani utaondoka.

"Kesho? Na mume wangu, yule wa jogoo?"

"Kesho, mama. Na mumeo yumo. Nimejaribu kumweleza bwana habari ya jogoo. Hakunielewa."

Alimpitisha, akamfuata nyuma. Mbeleje akatembea kando ya ukuta hadi nyuma ya boma, na akaona. Kaburi lilikuwa karibu limekwisha. Juu ya kifusi walisimama wafungwa, na katikati yao alikuwa Chiwanga, amekonda, jembe mkononi, chuma shingoni. Alikuwa anaonekana mrefu zaidi kwa kukonda. Pembeni kulikuwa na jeneza la mbao za masanduku, limefunikwa bendera, na karibu nalo alisimama mzungu mwenye ndevu zisizochanwa, kofia mkononi, anatazama chini.

Watu wa Ihunje hadi leo wanabishana juu ya kilichofuata. Wako wanaosema ilikuwa hila, kwamba Mbeleje alipiga hesabu yake vizuri pale pale. Mimi sikubali. Namjua mwanamke yule kwa masimulizi ya waliomjua, na nasema hivi: aliona kaburi la mtani liko wazi, na miguu yake ikafanya ilichozoea kufanya. Aliweka kibuyu cha asali chini, akaweka fimbo ya mtemi juu yake, akafunga khanga kiunoni, na kabla mtu hajasema neno akaruka ndani.

Alitua kwa kishindo, maana hakuwa mwembamba. Akajilaza chali, akakunja mikono kifuani.

"Aa, pazuri," akasema kutoka chini. "Pana baridi. Nimechoka na njia. Huyu mzungu wenu atafute pengine."

Chiwanga alikuwa ameacha mdomo wazi. Halafu kutoka kwenye mstari wa askari ikasikika sauti ndogo, kama mtu aliyebanwa na kikohozi, kisha nyingine, na Mbwana akauma mdomo wake mpaka machozi yakamtoka.

Bwana Sasahivi alikuja ukingoni. Uso wake ulikuwa mwekundu kama udongo wenyewe. "Toka! Sasa hivi!"

"Bado," akajibu Mbeleje.

"Mtoeni!"

Askari wakatazamana. Nusu yao walikuwa Wanyamwezi, na hakuna Mnyamwezi mwenye akili atakayemburuta mtani kutoka kaburini. Hilo ni kumwita mauti aje akuchukue na wewe. Walifanya walichofundishwa na mama zao. Mmoja akatoa tumbaku akaitupa shimoni. Mwingine akang'oa kifungo cha shaba cha koti lake, akakitupa. Wa tatu akatupa nusu ya biskuti ya jeshi, akisema, "Haya, mtani, tumekukomboa, toka, umetuaibisha."

Mbeleje aliichukua tumbaku akaifunga kwenye pindo la khanga, kwa kuwa hakuwa mjinga. Biskuti aliigonga kwenye ukuta wa kaburi, akaona ukuta ndio ulioumia, akairudisha juu. "Bado," akasema.

"Wanafanya nini?" mzungu akamwuliza Mbwana, na sauti yake ilikuwa imeanza kuchanganyikiwa kuliko kukasirika. "Wanafanya nini hawa watu?"

"Bwana, huyu ni mtani. Amekuja kuzika. Hatoki mpaka apewe anachotaka."

Mzungu akamwinamia Mbeleje. Kwa mara ya kwanza alimtazama kama mtu. "Wewe unataka nini?"

Hapa ndipo Mbeleje alipotakiwa kuomba, na hapa ndipo alipoona kwamba hana haja ya kuomba. Mtani haombi. Alinyoosha kidole juu, kwa mtu mrefu mwenye jembe.

"Mume wangu."

"Huyu? Huyu ni mwizi."

"Mwizi huja usiku, bwana, akajificha. Huyu alibeba jogoo mchana, akiimba. Umeona wapi mwizi anaimba? Tena vibaya vile?"

Askari walishindwa kujizuia. Kicheko kiliwapasuka, hata wafungwa walicheka, minyororo ikalia. Mzungu hakucheka. Alikuwa amesimama, anageuza kofia mikononi, na alipouliza tena alimwuliza Mbwana, polepole.

"Mtani ni nani?"

Mbwana alifikiri. Kwao hilo si jambo la kuulizwa. Ni kama kuulizwa mjomba ni nani. "Ni mtu uliyepigana naye, bwana. Mkauana. Halafu mkapatana. Basi huyo ndiye anayekucheka ukiwa mzima, na ndiye anayekuzika ukifa. Ndugu zako wanalia tu, hawawezi kazi. Mtani ndiye anayeweza."

Mzungu alimtazama Chiwanga, kisha mwanamke aliye shimoni. Tembe za Ihunje alikuwa amezichoma yeye mwenyewe. Alikuwepo, alitoa amri. Nadhani hakuwa amezifikiria tena tangu siku ile.

"Mimi na hawa," akasema, "tumepatana lini?"

Hakuwa anadhihaki. Aliuliza kama mtu aliyepoteza kitu na hajui kilimponyoka wapi. Na Mbeleje, amelala chali mahali pa maiti, akamjibu bila mzaha hata kidogo, pengine kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Sisi tulishapatana, bwana. Tulichinja kondoo, tukala nawe. Tunakungoja wewe."

Upepo ulikuwa unavuta kona ya bendera pale juu ya jeneza. Mzungu aliinama akaiweka sawa, akakaa na mkono wake pale. Kisha akasema, "Mfungue."

"Lini, bwana?" akauliza Mbwana kwa mazoea.

"Sasa hivi."

Chuma kilipotoka shingoni, Chiwanga hakukimbia. Alikwenda ukingoni akamnyooshea mkewe mkono. Akavuta, udongo ukamomonyoka, nusura aingie naye. Akavuta tena.

"Hata kunitoa kaburini hujui," Mbeleje akamwambia, akihema. "Nimekuacha kidogo tu umesahau uzito wangu."

"Sikusahau," Chiwanga akasema. Lilikuwa neno lake mwenyewe, halikupikwa na mtu, na Mbeleje alilisikia, akageuza uso ili asilie mbele ya askari.

Ng'ombe wa Ihunje hawakurudi, nisikudanganye. Wafungwa wengine waliondoka kesho yake kwenda pwani kama ilivyopangwa. Mtemi Nhonya alijisifu baadaye kwamba ni yeye aliyemteua balozi wa nne, na Mbeleje akamwacha ajisifu, maana aliishi miaka mingi baada ya hapo, hata Wajerumani wakaondoka yeye yupo, na mtu mwenye umri mrefu hana haraka ya kusahihisha wengine. Lakini hayo yalikuwa mbele. Siku ile, pale kaburini, mzungu aliwaambia wale wawili, "Nendeni. Mmeruhusiwa."

Njia ilikuwa wazi. Mtu mwingine angekwisha kufika mlimani.

Mbeleje alimtazama kana kwamba amesema jambo la kitoto. "Tutakwendaje, na maiti hajazikwa?"

Akamwondolea Chiwanga vumbi mabegani, akamrudishia jembe. Jeneza lilishushwa kwa kamba. Mzungu alisoma maneno machache ya kwao kwenye kitabu kidogo, akashindwa kuyamaliza, akafunga kitabu. Ilikuwa zamu ya mtani.

"Anaitwa nani?" Mbeleje akauliza.

Mzungu alitaja jina. Lilikuwa fupi, Oto, na Mbeleje alilijaribu mdomoni mara mbili.

"Mama yake yu hai?"

"Yu hai."

Mbeleje alitikisa kichwa. Hilo lilimchoma, na hakulificha. Alisogea mpaka ukingoni, akaweka mikono kiunoni.

"Wewe Oto," akasema kwa sauti yake ya shambani. "Watu hutoka mbali kuja Ugogo kutafuta ng'ombe. Wewe umetoka mbali kuliko wote, kumbe unatafuta mahali pa kulala! Kwenu hakuna vitanda? Na umekufa hujaonja hata mlenda wetu. Ungeuonja usingekufa, ungekimbia mpaka kwa mama yako, na mama yako angefurahi. Mvivu wewe. Sasa ni nani atakayechana ndevu za huyu kaka yako?"

Mbwana alitafsiri pale Kiswahili kilipokuwa na mashimo, hakupunguza neno. Mzungu alisikiliza mpaka mwisho. Kitu kikamtoka kifuani, kicheko kimoja kikavu, kama mtu aliyekanyagwa, na mkono ukaenda wenyewe kwenye ndevu. Halafu kicheko kikavunjika katikati. Akalia, mbele ya askari wake na wafungwa wake, uso wazi, bila hata kuuinamisha.

Chiwanga alikuwa amekwisha kuinua jembe la kwanza la udongo. Mkewe akamshika mkono.

"Polepole, mume wangu," akasema. "Mwache amalize."

Chiwanga akashusha jembe, na wote wakasimama wakimngoja.